Kadibodi, jipsamu, khanga na waya: mwongozo wa kutengeneza modeli ya jengo kwa mbinu za wasanii

Miaka kadhaa iliyopita nilimchorea mama mmoja wa Moshono, hapa Arusha, nyumba ya vyumba vitatu. Nikampelekea picha za kompyuta: kuta zinang'aa, bustani imepunguzwa vizuri, gari jeupe limeegeshwa mbele, ingawa mwenyewe gari hana. Akazipenda, akawaonyesha ndugu zake wote kwenye simu. Nyumba ilipokwisha kuezekwa akanipigia: "Mwanangu, njoo uone. Hii sebule mbona kama stoo?"

Nikaenda. Dirisha kubwa la sebule lilikuwa limefichwa nyuma ya veranda yenye upana wa mita mbili na nusu, na paa la veranda nililishusha mno. Saa sita mchana mama alikuwa amewasha taa. Kosa lilikuwa langu. Picha haikunionya, maana kwenye kompyuta mwanga nilikuwa nimeuweka mwenyewe, pale nilipotaka uwepo.

Tangu siku hiyo sikabidhi ramani kabla sijatengeneza modeli kwa mkono. Na nilipoanza kutafuta namna ya kuzitengeneza bila vifaa vya gharama, waliokuja kunifaa zaidi walikuwa wachongaji, wachoraji na wafinyanzi. Wao wamekaa na vitu hivi, kadibodi, udongo, waya, nguo, wakajua kila kimoja kinakubali nini na kinakataa nini.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa usanifu majengo, kwa fundi anayechora ramani, na kwa mtu yeyote anayetaka kujenga lakini ramani haimwingii akilini. Vifaa vyote vinapatikana Arusha na Moshi. Sitazungumzia mashine za leza wala za kuchapisha maumbo. Zina kazi yake, ila zinakutolea kile ulichokwisha kukiamua, na mimi nataka kitu kitakachonibishia.

Hatua ya kwanza: swali moja, nyenzo moja

Chukua kipande cha manila, andika swali moja ambalo modeli hii itajibu, ukibandike mbele ya meza yako. Swali moja tu. "Mwanga utaingiaje sebuleni?" "Jengo litakaaje kwenye mteremko?" "Paa litasimamaje bila nguzo katikati?" Ukiona swali lako ni "nyumba itapendezaje?", rudi kalamu mkononi, hujapata swali bado.

Swali ndilo linalochagua nyenzo. Kadibodi ni hodari kwa kuta, sakafu na miteremko, maana nayo ni bapa kama hizo. Jipsamu inaonyesha nafasi ya ndani na unene wa ukuta. Kitambaa na kamba zinaonyesha uzito unavyoshuka. Waya inaonyesha mifupa.

Wanaoanza hupenda kuchanganya vyote: nyasi za plastiki, miti ya sponji, kioo kuwa bwawa, na taa ndogo za Krismasi ndani. Matokeo yake ni keki ya harusi. Mteja anaangalia miti, wewe unaangalia miti, ukuta hakuna anayeuangalia.

Kuna mzee mchongaji wa vinyago niliyekuwa nikipita bandani kwake, hapa hapa Arusha. Siku moja nilimkuta na gogo la mpingo. Mpingo, kama unavyojua, una moyo mweusi, lakini kuelekea kwenye gome kuna tabaka la mti mweupe.

"Shikamoo mzee. Huu weupe utautoa?"

"Marahaba. Niutoe niupeleke wapi? Hicho ndicho kitambaa chake cha kichwani."

Nilirudi baada ya wiki, nikakuta mwanamke mweusi mwenye kilemba cheupe, na hapakuwa na tone la rangi. Tutakapofika kwenye mawimbi ya boksi, mkumbuke mzee huyo.

Hatua ya pili: skeli

Kwa jengo dogo tumia 1:50. Kila sentimita mbili kwenye modeli ni mita moja kiwanjani. Tuchukue mfano wa kubuni: maktaba ndogo ya kata, mita 8 kwa 12, kwenye kiwanja chenye mteremko kama vilivyo vingi upande wa Meru. Kwa 1:50 maktaba hiyo ni sentimita 16 kwa 24, inakaa mezani na inabebeka. Mlango wa mita 2.1 unakuwa milimita 42. Mtu wa mita 1.7 ni milimita 34, na mtoto wa mita 1.2 ni milimita 24.

Skeli hii ina bahati moja: boksi nyingi za bidhaa dukani zina unene wa milimita tatu hivi. Milimita tatu kwa 1:50 ni sentimita 15, yaani tofali la inchi sita. Kwa hiyo ukuta wa boksi tayari una unene sahihi, hujafanya lolote. Pima boksi zako kwa rula kabla ya kuziamini, kwani za televisheni na friji huwa nene zaidi.

Kata watu watatu wanne wa manila sasa hivi, mapema kabisa. Mmoja awe mtoto, mmoja awe amebeba ndoo kichwani. Hao ndio watakaokuambia mlango ni mfupi.

Vya kukusanya

Maboksi utayapata bure au kwa fedha kidogo kwa wenye maduka. Chagua yasiyolowa, yasiyokunjwa katikati. Manila na gundi nyeupe ya mbao zipo kila duka la vifaa vya shule na ujenzi. Unahitaji kisu chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma (ya plastiki utaichonga pamoja na kidole), msasa laini, selotepu pana ya kufungia maboksi, pini, na mafuta ya mgando. Unga wa jipsamu waulize mafundi wa dari, wanajua uliko mzuri. Waya ni ule mweusi wa kufungia nondo. Shuka nyepesi za pamba zitafute kwenye mitumba. Kwa Moshi, soko la mitumba la Memorial hukosi. Vijiti vya mishkaki ni nguzo nzuri sana.

Na wembe: badilisha mara kwa mara. Wembe butu unakwaruza boksi badala ya kulikata, na mkono unaosukuma kwa nguvu ndio unaoteleza.

Ardhi kwanza

Usiweke jengo kwenye ubao bapa kama kiwanja chako si bapa. Arusha na Moshi ni miji iliyo chini ya milima, na nimeona ramani nyingi zilizochorwa kana kwamba nyumba inajengwa kwenye uwanja wa mpira. Halafu fundi anafika, anakuta upande mmoja msingi unadai kozi saba zaidi.

Kama huna mpimaji, tumia mpira wa maji wa mafundi, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani. Simamisha vijiti kwenye kona nne za jengo na vingine kati, weka alama ya usawa wa maji kwenye kila kijiti, kisha pima kutoka alama mpaka chini. Tofauti ya vipimo ndiyo mteremko.

Tuseme kiwanja cha maktaba kinashuka mita moja na nusu. Kila tabaka la boksi ni sentimita 15 za kweli, kwa hiyo unahitaji matabaka kumi. Kata la chini likiwa kubwa kuliko yote, la juu dogo, kila ukingo ukifuata mstari wa kimo chake. Yagandishe kwa gundi chache, na kila tabaka uligeuze ili mawimbi yake yakatane na ya lililo chini yake. Yote yakielekea upande mmoja, ardhi yako itajikunja kama chapati ikipata unyevu. Lundika vitabu juu usiku kucha.

Ngazi hizo za matabaka ziache zionekane, usizifunike kwa karatasi wala rangi ya kijani. Atakayeangalia atahesabu matabaka kwa vidole na kujua ni mita ngapi.

Kadibodi

Mwaka 1912 Pablo Picasso alitengeneza gitaa kwa kadibodi, kamba na waya. Kabla yake sanamu ilikuwa kitu cha kuchonga au kufinyanga, kizito, kimejaa. Gitaa lile limeungwa kwa bapa zilizokatwa, na ndani yake kuna hewa. Tundu la gitaa, ambalo kwa kawaida huingia ndani, yeye alilifanya mrija unaotokeza nje. Kwa msanifu majengo hilo ni somo zima: ukuta ni bapa, na hewa iliyo kati ya bapa ni sehemu ya kazi.

Karibu nasi zaidi kuna Bodys Isek Kingelez wa Kongo, aliyezaliwa 1948 na kufariki 2015. Alifanya kazi ya kukarabati vinyago kwenye makumbusho Kinshasa, kisha akatumia maisha yake kujenga miji mizima ya kubuni kwa karatasi, kadibodi, vifungashio vya bidhaa na vizibo. Mwaka 1994 alitengeneza kijiji alichozaliwa, Kimbembele Ihunga, kikiwa kimegeuka jiji la maghorofa. Mwaka 2018 jumba la makumbusho ya sanaa la MoMA, New York, lilimfanyia maonyesho makubwa. Ninachomwibia Kingelez ni usafi wa mkato. Takataka zake hazionekani takataka kwa sababu kila ukingo umenyooka.

Basi kata hivi. Chora ukuta wote ukiwa bapa, pamoja na milango na madirisha. Madirisha yakate kwanza, kabla ya kukata ukingo wa nje, maana boksi kubwa halitetereki mkononi. Pitisha wembe mara tatu kwa wepesi: mara ya kwanza karatasi ya juu, ya pili mawimbi, ya tatu karatasi ya chini. Anayetaka kukata mara moja hubonyeza mawimbi na ukingo unalala.

Kona ndizo zinazomtambulisha fundi. Ukibandika ukuta kwa ukuta tu, mawimbi yatachungulia pembeni. Fanya hivi: kwenye mwisho wa ukuta mmoja, pima milimita tatu, kata karatasi ya ndani na mawimbi lakini acha karatasi ya nje. Bandua vilivyokatwa. Ulimi wa karatasi uliobaki utafunika ukingo wa ukuta wa pili, na kona itakuwa safi.

Kwa paa, lowesha upande mmoja wa boksi kwa kitambaa chenye maji, subiri dakika mbili tatu, kisha menya karatasi polepole. Mawimbi yanatokea: umepata bati. Kwa vipimo yamezidi, ni makubwa mara nne hivi kuliko ya bati halisi, lakini jicho linakubali. Hapo ndipo mti mweupe wa yule mzee ulipo. Paa usiligandishe. Liwe la kuinua, watu waone ndani, nawe uweze kujaribu lingine.

Jipsamu

Hapa nitakaa kidogo, maana njia hii ndiyo iliyonifunulia kosa la Moshono.

Mwaka 1993, mashariki mwa London, msanii Rachel Whiteread alichukua nyumba moja iliyokuwa ikisubiri kubomolewa, akaijaza zege kwa ndani, kisha kuta zikaondolewa. Kilichobaki kimesimama kilikuwa hewa ya vyumba iliyogeuka jiwe. Mahali pa moto palipoingia ndani ya ukuta palitokeza nje, na fremu za madirisha ziliacha alama zilizopinduka. Kazi hiyo iliitwa House, na ilibomolewa Januari 1994.

Sisi tunafanya hivyo hivyo kwa kipimo cha mkate. Unatengeneza kuta za chumba kwa kadibodi, unamimina jipsamu ndani, unavua kuta. Unabaki na nafasi ya chumba mkononi, nzito. Dirisha linatokea kama kibao kilichovimba ubavuni, kwa sababu jipsamu imejaza unene wa ukuta. Mlango vivyo hivyo. Korido inakuwa ulimi unaounganisha donge na donge.

Tengeneza kalibu ya chumba chako ukitumia kuta za boksi zile zile. Kwa ndani zifunike kwa selotepu pana, laini, bila mikunjo, kwani kila mkunjo utaonekana kwenye jipsamu. Madirisha na milango yakishakatwa, yazibe kwa selotepu kutoka nje. Ziba pembe zote. Paka mafuta ya mgando, kidogo sana, kwa kidole; yakizidi yanaacha vinyweleo. Kalibu igandishe kwenye kipande cha plaiwudi kilichofunikwa kwa plastiki. Kisha mimina maji kidogo ndani uone kama yanavuja, uyamwage. Nimewahi kuruka hatua hii, na sakafu yangu bado ina kumbukumbu.

Kiasi. Sebule ya mita 5 kwa 4 yenye kimo cha mita 3 ni sentimita 10 kwa 8 kwa 6, yaani mililita 480. Kilo moja ya unga na mililita 650 za maji hutoa karibu lita moja, kwa hiyo sebule hii inataka nusu kilo ya unga na maji mililita 325. Kwanza jaribu kijiko kimoja kwenye kifuniko, maana unga wa dari si wote mmoja. Ule wa kuzibia viungo huchelewa sana kushika, na ulioingiwa na unyevu haugandi vizuri.

Vaa barakoa. Weka maji kwanza kwenye kopo la plastiki laini, ndipo unyunyize unga juu yake kwa mkono, polepole, kama anayenyunyiza unga wa uji. Usimwage maji juu ya unga, utapata madonge. Unga utazama, kisha vitaanza kubaki visiwa juu ya maji. Hapo simama. Acha dakika moja au mbili unywe maji wenyewe, halafu koroga taratibu kijiko kikiwa chini, usiingize hewa. Ukifika uzito wa maziwa mazito, mimina kwenye kona moja ya kalibu ili mchanganyiko upande wenyewe. Gongagonga meza, viputo vitapanda.

Ndani ya dakika kumi mpaka ishirini itaanza kushika na kupata joto. Joto hilo ni la kweli: usifanye mzaha wa kuzika mkono ndani ya jipsamu inayoganda, donge kubwa linaweza kuunguza vibaya. Subiri ipoe kabisa, saa moja hivi, ndipo uvue kuta. Mabaki usiyamwage kwenye sinki. Yaache yagande kwenye kopo, ukunje kopo, yatoke vipande.

Kukauka kwenyewe kunataka siku tatu hadi wiki. Kwenye masika, au Julai yetu ile ya mawingu na sweta, ongeza siku. Usiianike karibu na jiko la mkaa, itapasuka.

Ya Moshono niliifanya baadaye, kwa aibu yangu mwenyewe. Nilimimina sebule na veranda kwa pamoja, kama hewa moja. Nilipovua kuta nikaona donge kubwa la sebule, na kati yake na nje kumelala kipande kirefu, chembamba na cha chini, ile veranda, na kibao cha dirisha kimegusana nacho kama mtu aliyebanwa mlangoni. Sikuhitaji taa wala hesabu. Nilimpelekea mama lile jiwe. Akaligeuzageuza mkononi, akasema, "Kwa hiyo pumzi ya nyumba yangu inapita hapa?" Tulitoa mabati manne ya veranda, tukaweka yale yanayopitisha mwanga. Haijawa sebule niliyomwahidi, lakini mchana taa haiwashwi.

Ukitaka kuzoea jicho, nenda Boma la Wajerumani la Arusha, lile la 1900 ambalo sasa ni Makumbusho ya Historia Asilia. Simama kwenye dirisha, pima unene wa ukuta kwa kiganja. Kisha nenda ukaangalie AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, na safu zake za madirisha yanayojirudia. La kwanza ni jengo la jipsamu, la pili ni la kadibodi. Ukiona tofauti hiyo kwa macho, kuchagua nyenzo hakutakusumbua tena.

Kitambaa na kamba

Antoni Gaudí, alipobuni kanisa la Colònia Güell karibu na Barcelona, alining'iniza kamba darini na kuzifunga vifuko vya chembe za risasi, ile metali nzito. Kamba zikajipinda zenyewe kufuata uzito. Akapiga picha, akaigeuza juu chini, na hapo akaona matao ya kanisa lake. Sababu ni rahisi: kamba inayoning'inia inavutwa tu, haiwezi kusukumwa. Ukipindua umbo hilo, kilichokuwa kikivutwa sasa kinasukumwa tu, na hilo ndilo tofali na jiwe vinalipenda. Tofali halitaki kuvutwa.

Heinz Isler, mhandisi wa Uswisi, alifanya vilevile kwa nguo: alining'iniza vitambaa vilivyolowa maji nje wakati wa baridi kali, vikaganda barafu, akavipindua. Sisi barafu ya namna hiyo tungelazimika kuifuata Kibo, kwa hiyo tunatumia gundi.

Chukua boksi kubwa lisilo na juu. Kata kipande cha shuka ya pamba, sentimita 24 kwa 32 kwa paa la maktaba yetu, kikubwa kidogo kuliko jengo. Khanga nayo inafaa, ila iliyochakaa. Mpya ina wanga na inakaa kwa ukaidi. Changanya gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu, chovya kitambaa, kamua kidogo. Kibanie kwenye kona nne za boksi kwa pini au vibanio vya nguo, kining'inie katikati. Usikivute. Acha kilegee kiasi unachotaka paa liinuke. Kama kitakuwa na kimo cha mita 3, kilegee sentimita 6. Usiku mmoja, asubuhi kimekakamaa. Pindua.

Umepata ganda linalosimama kwa miguu minne. Kingo zitakuwa zimejikunja kidogo, usizinyooshe kwa mkasi mara moja. Zitazame kwanza, maana mikunjo hiyo ndiyo inayoipa kingo nguvu. Bonyeza juu kwa kidole: linapoanza kutingishika ndipo patakapotaka unene au mbavu. Ila ganda la gundi halijui tetemeko wala upepo. Kabla hujalijenga kwa tofali, mhandisi wa miundo alihesabu.

Waya

Alexander Calder, kwa koleo na waya, pamoja na vitambaa, mbao na vizibo, alitengeneza sarakasi nzima ya vikaragosi Paris miaka ya 1920. Waya wa nondo unakutosha kwa kazi moja hasa: mifupa ya jengo ambalo ngozi yake ni ya kubadilika.

Nyumba ya msonge ya Wachaga ndiyo zoezi zuri kuliko yote. Kuta na paa ni kitu kimoja, nyasi zinashuka mpaka chini. Kata waya kumi na miwili ya urefu sawa, ifunge pamoja kileleni, itawanye chini kwenye mduara uliotoboa kwenye boksi. Kisha zungusha waya mwembamba kutoka chini kwenda juu, ukifunga kila unapokutana na ubavu. Mpaka mzunguko wa tatu inayumba kama mlevi. Wa nne ukifungwa, ghafla inasimama. Sijapata namna bora ya kumweleza mwanafunzi kazi ya kufunga pete. Kwa ngozi, chana majani makavu ya mgomba yawe nyuzi. Moshi hutahangaika kuyatafuta.

Rangi, kama ni lazima

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kung'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi za mraba. Alikuwa na makopo machache, na uchache huo ndio ulioipa michoro ile nguvu: uwanja mmoja wa rangi nyuma, kisha umbo mbele, bila kubabaika.

Ukipaka, paka uwanja tu. Hadibodi ya chini ipate rangi moja, modeli ibaki na rangi ya boksi au weupe wa jipsamu. Nyekundu ya udongo wetu inafaa. Rangi ya mafuta usiikaribishe kwenye povu jeupe la vifungashio, italiyeyusha mbele ya macho yako.

Jaribio la jua

Arusha iko nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita na ushee liko utosini. Juni linakuwa upande wa kaskazini, nyuzi 63 kutoka upeo wa macho. Desemba linahamia kusini, nyuzi 70. Wengi husahau hilo la Juni, wanajenga kana kwamba jua ni la mashariki na magharibi pekee.

Andika kaskazini kwenye ubao wa modeli. Funga mapazia usiku, zima taa, washa tochi ya simu. Pima pembe kwa protrakta ya shule na uzi, shika simu mbali kadiri mkono unavyofika, maana tochi ikiwa karibu vivuli vinatanuka kwa uongo. Kisha ishushe magharibi, jua la saa kumi jioni. Hilo ndilo linalochemsha vyumba. Inua paa, rudisha paa, tazama mwanga unafika kwenye miguu ya nani kati ya wale watu wa manila.

Kwa picha, igeuze simu juu chini ili kamera ikaribie ubao. Jicho la mtu ni mita 1.6, kwa hiyo lenzi ikae milimita 32 juu ya sakafu. Picha za kutoka juu ni za ndege.

Kusafirisha na kutunza

Kwenye bodaboda usithubutu. Kwenye daladala kaa kiti cha nyuma, modeli magotini, paa umelitoa na kulifunga peke yake. Jipsamu izungushie khanga, siyo gazeti. Wino wa gazeti unahamia kwenye weupe na hautoki hata kwa msasa.

Na usigandishe chochote kwa uji wa unga, hata kama gundi imeisha usiku na duka limefungwa. Mimi nilifanya hivyo kwa modeli moja. Panya walianzia ukuta wa kaskazini, wakamaliza na veranda.